Ukurasa Unaojua Kungoja

"Baba, haivuti."

Kijana alikuwa amechuchumaa kando ya pampu ndogo ya petroli, katika karakana moja ya mji wa Garsen. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri. Mpira wa kuvutia umezama kwenye pipa la maji, lakini kwenye mdomo wa kutolea hakuna hata tone. Fundi mzee alikuwa anakata gasketi kwa mkasi na hakuinua macho.

"Umeinywesha?"

"Nimeinywesha, baba."

"Ikashiba?"

Kijana akanyamaza. Akazima injini, akafungua kizibo cha juu, akachungulia. Maji yalikuwa nusu. Akachota kwa kopo, akamimina polepole mpaka mapovu yakaisha na maji yakafika ukingoni. Akafunga, akavuta kamba. Baada ya muda maji yakaja, kwanza yakikohoa, kisha yakatulia yakawa mkondo mmoja.

Maswali mawili tu, na mzee akaendelea na gasketi yake. Kwenye benchi la pembeni alikuwa ameketi mwalimu mmoja wa kike, daftari mapajani, na nilipochungulia niliona ameandika neno moja na kulipigia mstari: kushiba.

Mwalimu huyo husanifu upya vitabu vya kidijitali vya wanafunzi wa ufundi, vile ambavyo siku hizi vimetiwa akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wengine. Hapendi kuandikwa jina, nami nimeliheshimu hilo. Nimemfuata kazini mara kadhaa, na kila nikimtazama nazidi kuona kwamba kazi hii nayo ni ufundi, sawa na useremala na ushonaji, na mtu akiitazama bila haraka atakuta mna mambo ndani yake.

Wanafunzi anaowaandikia ni wa vyuo ambavyo watu wa makamo bado wanaviita politekniki za vijiji. Mwaka wa 1966 makanisa ya Kenya, kupitia baraza lao la taifa, yalitoa ripoti iliyouliza kijana aliyemaliza shule aende wapi, na jibu mojawapo likawa vyuo vidogo vya kufundisha kazi za mikono karibu na nyumbani kwake. Jina hilo limedumu hata kwenye Katiba ya 2010: Jedwali la Nne linaziweka politekniki za vijiji mikononi mwa serikali za kaunti. Katika kaunti ya Tana River, kutoka Bura na Hola hadi Garsen na Kipini, mwanafunzi wa vyuo hivi aweza kuwa Mpokomo ambaye baba yake ana shamba la mpunga au migomba kando ya mto, au Mworma ambaye nyumbani kwao ni ng'ombe. Wote wawili husoma kwa Kiingereza, kwa sababu mtaala na mitihani ni kwa Kiingereza. Wote wawili huulizana kwa Kiswahili spana inapowashinda.

Ukurasa ninaotaka kuusifu ni mmoja tu, ule wa pampu isiyovuta maji.

Nimeuona ulivyokuwa kabla. Toleo la kwanza lilikuwa kitabu cha karatasi kilichopigwa picha na kuwekwa kwenye simu. Kilianza na maana ya pampu, zikafuata aina za pampu, kisha faida za kila aina, na hitilafu zikaja mwishoni kabisa katika jedwali lenye herufi ndogo. Halafu likaja toleo la pili. Watu fulani walichukua kitabu kilekile, wakaweka kisanduku cha maswali chini ya kila ukurasa, na kikaitwa kitabu chenye akili. Mwanafunzi akiandika kwamba pampu haivuti, alipewa sababu nane kwa mpigo, zikiwa zimepangwa vizuri kwa Kiswahili safi. Sababu zote nane zilikuwa za kweli. Lakini mtu aliye na injini inayonguruma mbele yake na mikono iliyolowa oili hawezi kushika sababu nane. Atashika ya kwanza, nayo ikikosea, ataiacha simu.

Tena palikuwa na makosa ya lugha ambayo mwalimu alinionyesha kwa huzuni, kidole kikipita chini ya kila neno. Tendo lile ambalo mzee huliita kunywesha pampu lilikuwa limefasiriwa kama kupaka rangi ya kwanza, kwa sababu kwa Kiingereza neno ni lilelile. Sili inayozuia maji yasipenye kwenye shafti iliitwa muhuri. Nati iliitwa karanga. Mwanafunzi wa mwaka wa pili huenda akajua la kufanya. Wa wiki ya kwanza atatafuta muhuri kwenye pampu mpaka jua litue.

Mtu asidhani mashine hizi hazijafundishwa Kiswahili kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene wamekusanya matini na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya katika mradi wa Kencorpus. Jacaranda Health, shirika linalohudumia akina mama wajawazito, lilitoa UlizaLlama mwaka wa 2023, mashine ya lugha iliyofunzwa Kiswahili kwa kazi hiyo. Zote ni kazi za maana. Lakini mashine ya lugha hujifunza kutokana na kilichoandikwa au kurekodiwa, na Kiswahili cha karakana hakiandikwi. Husemwa tu, tena kwa kupigiwa kelele juu ya mlio wa injini, na kikishasemwa kimekwenda.

Kwa hiyo mwalimu alianza mahali ambapo nisingeanza mimi. Hakuigusa programu. Alikaa karakanani majuma kadhaa akiokota maneno. Alikuwa na kanuni moja, kwamba haulizi "hiki kinaitwaje?", kwa sababu mtu akiulizwa hivyo mbele ya mwalimu hutoa neno analodhani mwalimu analitaka. Alikuwa akimwomba fundi amtume: "Niagize kitu." Fundi akisema, "Nipe ile spana ya kumi na mbili, na ile sili mpya," neno linakuja lenyewe, katika sentensi yake, pamoja na jirani zake. Ndivyo alivyopata plagi, kabureta, beringi, klipu na chujio, na ndivyo alivyojua kwamba baadhi ya vijana huita pampu yote jenereta, jambo lililokuwa likiichanganya mashine kila mara.

Nilipomwona na daftari lile nilikumbuka kwamba si mgeni wa kwanza kukaa kando ya Tana akiokota maneno. Ferdinand Würtz, mmisionari wa Neukirchen aliyeishi Ngao mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya maneno ya Kipokomo na kuandika sarufi yake, na kazi hizo zikachapwa Ujerumani. Tofauti ni kwamba maneno yake yalisafiri kwenda kwa wasomi wa mbali. Haya ya mwalimu yanarudi karakanani kabla ya wiki kuisha. Yanaingia kwenye orodha ambayo mashine hulazimika kuisoma kabla ya kujibu: mwanafunzi akiandika sili, sil, au oilsili, yote yanaelekea ukurasa mmoja, na jibu linatumia neno alilotumia yeye. Neno la mtihani limewekwa pembeni kwa rangi hafifu, lipo kwa atakayelihitaji.

Baada ya maneno ukaja mpangilio wa maswali, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe.

Pampu ya aina hii haivuti maji hasa. Panka lake la ndani likizunguka hufukuza kilichomo tumboni, na nafasi ikibaki tupu, uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji ya mtoni yapande mpirani. Panka hilo huwezi kulitegemea kufukuza hewa tupu. Linahitaji maji tumboni ili lianze. Ndiyo maana ya kunywesha. Na kwa kuwa ni hewa inayosukuma, kuna kimo ambacho haiwezi kupita: kwa hesabu ni kama mita 10 usawa wa bahari, na kwa pampu halisi, pamoja na msuguano na viungo vyake, ni mita 7 hivi. Ukipita hapo, uivute kamba utakavyo, maji hayaji.

Kitabu cha zamani kilieleza haya yote katika aya ya kwanza, na wanafunzi waliyakariri wasiyajue. Mwalimu aliyahamisha. Ukurasa mpya unaanza na swali moja, mbele ya kila kitu, na hauonyeshi la pili mpaka la kwanza lijibiwe. Injini inawaka? Basi umefungua kizibo cha juu ukaona maji yamefika wapi? Yamefika ukingoni, au nusu? Kila swali linadai tendo. Huwezi kulijibu ukiwa umekaa. Maelezo ya uzito wa hewa huja mwanafunzi akishaona maji yanatoka, wakati akili yake imeanza kuuliza kwa nini. Hapo husomwa hadi mwisho. Nimewaona wakisoma.

Nataka nionyeshe hatua moja kwa karibu, kwa sababu nilishuhudia ilivyoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Pampu imenyweshwa, imeshiba, na bado haivuti. Hitilafu iko ndani ya pampu, au iko kwenye mpira? Fundi ana njia ya kujua. Hung'oa mpira wa kuvutia kwenye pampu, huiwasha injini polepole, kisha huweka kiganja juu ya mdomo ulio wazi. Kiganja kikinyonywa kwa nguvu, pampu ni nzima na mpira ndio wenye tundu, au klipu imelegea na hewa inapenya. Kisiponyonywa, tatizo liko ndani: sili imeungua kwa kuendeshwa kavu, au panka limelika kwa mchanga, na maji ya Tana yana tope jingi.

Andiko la kwanza la mwalimu lilisema, "Ziba mdomo kwa mkono." Fundi akalikataa papo hapo. Mkono una vidole, na mwanafunzi mwenye pupa atavitia ndani. Akaandika, "Ziba kwa kiganja." Fundi akasoma, akasema kiganja chaweza kukunjwa. Ikawa: "Kiganja bapa, vidole nje." Maneno manne. Siku nzima ilipita juu ya maneno hayo manne, na sijui kazi nyingine ya uandishi ambayo neno lake moja hupimwa kwa vidole vya mtu.

Kisha akakumbuka jambo jingine. Mwanafunzi akiwa ameziba mdomo wa pampu, ameishikaje simu? Hakuishika. Imewekwa chini, kioo kimezimika, na mkono wa pili uko kwenye wenzo wa kuongeza mafuta. Kwa hiyo katika hatua hii ukurasa husema kwa sauti, mara moja: "Shika. Ukimaliza, niambie." Halafu unanyamaza. Hauulizi kama bado yupo. Haufungi hatua baada ya dakika kadhaa, wala haumletei maelezo ya ziada kumjazia kimya. Waliotengeneza programu walisita sana juu ya hilo, maana katika mazoea yao kimya ni ishara ya kwamba mtu ameondoka. Mwalimu akawaambia wamtazame mzee anayekata gasketi.

Michoro nayo alibadilisha. Picha za kamera zilikuwa nzuri ofisini na bure kabisa uani, kwa sababu jua la Garsen saa saba mchana huzifuta. Sasa kuna michoro ya mistari minene, nyeusi juu ya nyeupe, kila mmoja ukionyesha kitu kimoja na mkono unaokigusa. Ni myepesi pia kwa simu ndogo. Vitufe ni vikubwa kwa ajili ya kidole chenye oili. Kitabu cha ushonaji kimeanza kufuata njia hiyohiyo, na bobini mle imechorwa kutoka upande anaoiona mshonaji, si upande anaoiona muuza cherehani.

Kuhusu akili unde yenyewe, mwalimu ameifunga kamba fupi. Hairuhusiwi kujibu kutoka kichwani mwake. Swali likiingia, kwanza hutafuta kurasa zilizopitiwa na mafundi, kisha hujibu kwa kutumia hizo tu, na huonyesha ni ukurasa gani. Isipokuta kitu, husema, "Hilo halimo humu, muulize fundi wako." Kuna mahali inakatazwa kuendelea hata kama jibu limo: kujaza petroli injini ikiwa moto, kuendesha injini ndani ya stoo iliyofungwa ambako moshi wake una hewa inayoua isiyo na harufu ya kukuonya, na umeme wa nyumbani. Hapo hutoa onyo na kusimama. Nilimwona akiijaribu kwa maswali ya mtego, kwa sauti ya mtoto, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiorma, na kila ilipoteleza alirudi kwenye ukurasa na kuuliza ni sentensi gani iliyoiachia mwanya. Mara nyingi kosa lilikuwa katika ukurasa, si katika mashine, na alilipokea hivyo.

Kuna wakati nilimuuliza kwa nini asiiache mashine ifanye zaidi, kwa kuwa inaweza. Alinijibu kwa kuuzima mtandao. Ukurasa ukabaki pale pale na maswali yake, michoro yake, na sauti zilizorekodiwa. Kilichopotea ni uwezo wa kuandika swali lako mwenyewe tu. Garsen ni mahali pa kufikiria hivyo. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Lamu kule Lango la Simba, na magari yakasimama. Mto unapofurika, umeme na mtandao navyo huyumba. Kitabu kinachomhitaji mtu wa mbali ili kiseme kitanyamaza siku pampu zinapotakiwa kukausha maji majumbani.

Kwingineko wamejifunza kwa gharama. Korea Kusini iliingiza vitabu vya kidijitali vyenye akili unde shuleni Machi 2025, katika hisabati, Kiingereza na elimu ya kompyuta. Walimu na wazazi wakalalamika, na Agosti mwaka uleule bunge likaviondolea hadhi ya kitabu cha kiada vikawa nyenzo za ziada. Jirani zetu walitembea polepole zaidi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, ilipoanzisha mfumo wa VSOMO pamoja na kampuni ya simu ya Airtel mwaka wa 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu, na mazoezi yakabaki karakanani chini ya mwalimu. Naona ukurasa wa Garsen ni ndugu wa mfano huo wa pili. Kila hatua yake inamrudisha kijana kwenye chuma.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko, ukurasa ulikuwa umekamilika, au mwalimu alidhani hivyo. Alimpa mzee simu aupitie wote. Ilikuwa Februari, kiangazi kikali, na Tana ilikuwa imeshuka chini ya kingo zake. Mzee alipitia kila hatua kwa kidole kilichochubuka, akasikiliza sauti, akakubali kiganja bapa, akakubali klipu, akakubali chujio. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, akatazama lile swali la kwanza, kama injini inawaka, kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "mimi mtu akija kuniita shambani, siulizi injini."

"Wauliza nini, baba?"

"Nauliza mto uko wapi leo."

Mwalimu alikaa kimya. Pampu iliyowekwa juu ya ukingo mwezi wa Mei, maji yakiwa yamejaa, ilivuta vizuri. Februari mto umeshuka mita kadhaa na pampu bado iko pale pale juu, na mpira umeongezwa kipande ili ufike. Sili ni nzima, panka ni zima, imenyweshwa ikashiba, na hewa haina nguvu ya kuyafikisha maji kimo hicho. Mwanafunzi atang'oa kila nati kabla ya kujua kwamba dawa ni kuibeba pampu na kuishusha karibu na maji.

Akachukua daftari, akalifungua ukurasa mpya, akaandika swali la mzee kama lilivyotoka kinywani mwake. Kisha akafungua kompyuta na kuanza kusogeza hatua zote chini, moja baada ya nyingine, ili juu kabisa pabaki nafasi ya maneno manne. Mzee alikuwa amesharudi kwenye kazi yake. Kijana wa pampu akauliza kama aende ukingoni kupima, mwalimu akamwambia, "Nenda mwanangu, chukua na kamba," naye akatoka mbio kuelekea mtoni, simu mfukoni, bila kuiwasha.